Kelele Hii Yatoka Wapi?

*Mazungumzo ya redio, Jumapili asubuhi. Somo la kusoma nyumbani: Yona, sura ya kwanza.*

 

Mimi ni mtu wa Mboghoni, upande wa Taveta. Kwa wasiopajua kwetu: ukitoka Voi, ukapita Mwatate na Maktau, ukaifuata barabara ile kwa kilomita 100 na zaidi, utaona nchi kavu ikigeuka kuwa ya kijani. Kilimanjaro umesimama mbele yako, na maji yake yapita chini ya ardhi na kutokea kwetu katika chemchemi kama ile ya Njoro Kubwa. Twayaongoza kwa mifereji mpaka kwenye migomba, nyanya na vitunguu, na siku za Jumatano na Jumamosi twayapeleka mazao sokoni Taveta.

Kazi yangu ni useremala. Nyanya haziwezi kusafiri mpaka Mombasa zikiwa zimerundikwa ndani ya gunia, kwa hiyo nawatengenezea wakulima masanduku ya mbao, yale tuyaitayo makreti. Ndiyo kazi iliyonibakia tangu nilipoacha kuezeka nyumba, maana magoti yangu yameikataa ngazi.

Leo nitasema habari ya mashine ya kufulia nguo. Najua wako watakaocheka na kusema, mzee huyu badala ya kuhubiri atufundisha ufundi. Vumilieni kidogo. Ufundi utakuwamo, na pengine utawafaa wenye mashine kama hiyo. Lakini ndani ya mashine ile nilikuta kitu ambacho sikukitarajia, na nimeona si haki nikifiche.

Mke wangu alifua nguo zetu kwa mikono yake miaka zaidi ya 30. Alifua za watoto sita, alifua zangu zenye gundi na vumbi la mbao, na zamani, kabla ya bomba kufika nyumbani, alizibeba kichwani mpaka mferejini. Miaka hii vidole vyake vimevimba kwenye viungo. Asubuhi hawezi kukunja ngumi. Binti yetu anayefanya kazi Ghuba aliposikia hayo, alijinyima akatuma fedha, akasema, "Mama asishike beseni tena." Fedha zile hazikutosha mashine mpya. Mwanangu wa pili akasafiri mpaka Mombasa, akatafuta iliyotumika, akaipata nzuri yenye mlango wa kioo mbele, akaileta juu ya lori lililokuwa limeteremsha ndizi na kurudi tupu. Alikaa nyuma pamoja nayo njia nzima, akiishika isigongwe.

Mwanzoni tuliiweka jikoni, ikafanya kazi kwa utulivu. Kisha mimi nikaona yaziba njia, nikaihamishia baraza ya nyuma. Baada ya siku chache ikaanza kelele. Wiki kwa wiki kelele ikazidi, hata siku ya kufua jirani aliuliza kama tumefungua kiwanda cha kusaga.

Jioni moja, tukiwa mezani, nikamwambia kijana, "Uliiangusha njiani." Akasema, "Baba, sikuiangusha." Nikasema tena. Naye akajibu vilevile, kwa adabu. Ndipo nikatamka neno ambalo natamani ningelimeza pamoja na ugali ule. Nilimwambia kwamba tangu utoto wake, kila kitu kinachopita mikononi mwake hufika kimevunjika. Mama yake alikuwapo. Mdogo wake alikuwapo.

Hakujibu. Asubuhi alikunja nguo zake, ambazo mashine ile ile ilikuwa imezifua, akaenda Voi kutafuta kibarua cha ujenzi. Simu zake kwa mama yake zilikuja. Kwangu hazikuja.

Nami nilifanya nini na kelele ile? Nakiri mbele yenu, wapendwa: nilikuwa naongeza sauti ya redio. Huenda nilikiongezea sauti kipindi hiki hiki, nikasikiliza neno la Mungu kwa nguvu ili nisisikie kilichokuwa kinalia nyumbani kwangu. Ikapita miezi miwili.

Nilimpigia simu fundi mmoja. Kabla sijamaliza kueleza alisema, "Mzee, hizo ni beringi zimekwisha," akanitajia gharama iliyokaribia nusu ya bei tuliyonunulia. Nikaona naam, ndiyo hayo niliyosema. Ilianguka, beringi zikaumia. Mtu akitaka kuamini jambo, hakosi shahidi.

Mke wangu hajui beringi ni nini. Lakini aliniuliza, "Baba watoto, wewe umeisikia kelele. Je, umeisikiliza?" Nikamwuliza kuna tofauti gani. Akasema, "Hizo ni kelele tatu. Maji yakiingia, mashine i kimya. Ikigeuza nguo polepole, yakwaruza kama ukucha juu ya sufuria. Ikimwaga maji, yatafuna kama changarawe ndani ya kibuyu. Ikikamua, yaruka na kugonga ukuta. Kila moja ina saa yake."

Ndugu zangu, hapo nilipata somo la kwanza, tena bila ada. Mimi niliyejiita fundi nilikuwa na kelele moja na mkosaji mmoja. Yeye aliyekaa kando ya mashine ile wiki hata wiki alijua kila sauti inaanza lini na inakoma lini. Mafundi wazuri wote huanza hapo. Hawaulizi kwanza ni nani aliyeharibu. Huuliza, yalia lini?

Basi Jumamosi moja sikwenda sokoni. Nilichomoa plagi ukutani, wala sikutosheka na kuzima swichi tu, maana umeme na maji havina msamaha. Nikafunga bomba la maji. Nikaanza na lile jambo kubwa la fundi, yaani beringi.

Kuzipima si kazi ngumu. Unafungua mlango, unaizungusha ngoma kwa mkono ikiwa tupu, na unasikiliza. Beringi zikiwa zimekwisha, utasikia mngurumo kama jiwe la kusagia. Kisha unaishika ngoma kwa ukingo wake wa juu na kuiinua na kuishusha. Ikicheza peke yake huku pipa la nje limetulia, beringi zimekufa. Yetu ilizunguka laini, haikucheza hata kidogo. Nilisikia mkwaruzo mwembamba mahali pamoja, lakini mngurumo haukuwapo. Beringi zilikuwa nzima.

Nikakumbuka kisa nilichosoma zamani katika kitabu cha ufundi. Mwaka 1907, katika mji wa Gothenburg nchini Uswidi, alikuwako mhandisi kijana jina lake Sven Wingquist, akitunza mashine za kiwanda cha kufuma nguo. Beringi za kiwanda kile zilikuwa zikiharibika mara kwa mara na kazi kusimama. Angeweza kuendelea kununua mpya na kuwalaumu waliozitengeneza. Lakini alitafuta kwa nini zinakufa, akaona kwamba kiwanda kimejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi ambao hausimami mahali pamoja. Ardhi ikisogea, mihimili ya mashine huinama kidogo, na beringi hubanwa mpaka zikaharibika. Ndipo akabuni beringi yenye safu mbili za gololi, zikienda ndani ya pete iliyochongwa kwa mviringo, hata mhimili ukiinama gololi huinama nao bila kubanwa. Mwaka huo huo ikaanzishwa kampuni ya SKF, na gololi zake zimezunguka dunia nzima.

Beringi zilionekana kuwa na kosa, kumbe ilikuwa ardhi iliyo chini yake. Nilipokumbuka hayo, niliinama nikatazama sakafu ya baraza yangu.

Sakafu ile niliimimina mimi mwenyewe. Niliipa mteremko, maji ya mvua yasisimame. Kwa mvua ni sakafu njema. Kwa mashine ya kufulia ni mtego. Nikaweka pimamaji juu ya mashine, nikaona povu limekimbilia upande mmoja. Nikapitisha kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja wa nyuma; kikapita bila kuguswa. Mashine ilikuwa imesimama kwa miguu mitatu.

Hilo si dogo kama linavyoonekana. Ngoma ya mashine kama yetu ina upana wa karibu nusu mita, na wakati wa kukamua huweza kuzunguka mara 1,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, nguo yenye uzito wa nusu kilo ikijikusanya upande mmoja kwa mwendo huo, yavuta kwa nguvu kama mzigo wa kilo zaidi ya 100, mara huku, mara kule. Ndiyo sababu waundaji huweka ndani bonge zito la saruji, na kulining'iniza pipa kwa springi, na kulishika kwa vishikizo vya kupunguza mtikisiko kama vile vya gari. Lakini vyote hivyo vyategemea miguu minne iliyokanyaga sawasawa. Nikaizungusha miguu kwa spana mpaka povu likakaa katikati, nikakaza nati zake zisilegee. Tena tangu siku ile hatutii blanketi moja zito peke yake, maana hujikunja upande mmoja. Twalichanganya na shuka na nguo ndogo.

Kelele ya kwanza ikaisha. Nani aliihamisha mashine kutoka jikoni? Mimi. Nani aliimimina sakafu ile? Mimi. Nilianza kunyamaza.

Nikaendea kelele ya pili, ile ya kutafuna wakati maji yanamwagwa. Mashine nyingi za namna hii zina kifuniko kidogo chini mbele, na ndani yake chujio la pampu. Unaweka karai na matambara, maana maji yaliyobaki yatatoka, na unafungua polepole. Humo nikakuta shilingi kumi, kifungo cha shati, uzi mwingi, na misumari miwili midogo. Nikaisafisha. Nikairudisha, nikajaribu, pampu ikawa kimya.

Misumari ile niliitia mfukoni haraka kabla mtu hajaiona. Sikilizeni jinsi moyo wa mwanadamu ulivyo. Nilikuwa peke yangu pale barazani, na bado niliificha.

Ikabaki kelele ya tatu, ule mkwaruzo. Ulitoka katikati ya ngoma na pipa, mahali ambapo mkono haufiki. Kitu chembamba kikipenya kati ya ukingo wa ngoma na mpira wa mlango huangukia humo, nacho chaweza kulitoboa pipa. Njia ya kukitoa ni kupitia tundu la kile kipasha maji kilicho chini ya pipa. Nikafungua mgongo wa mashine. Nikapiga picha ya nyaya kwa simu, nisije nikasahau ipi ilikuwa wapi. Kipasha maji hushikwa na nati moja katikati. Unailegeza bila kuitoa yote, unaisukuma ndani kidogo ili mpira wake uachie, kisha unakivuta taratibu. Nikamulika kwa tochi, huku mke wangu akiizungusha ngoma polepole kwa mbele, kwa kiganja, kwa sababu vidole vyake havishiki vizuri.

Akasema, "Hapo. Simama."

Nilikuwa nimechukua sumaku ndogo kutoka katika spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kwenye waya. Nikaitia kupitia tundu lile, nikasikia ikigonga kitu na kukishika. Nikavuta. Ukatoka msumari wa inchi mbili, umepinda kidogo, na ncha yake imeng'aa kwa kusuguliwa.

Wapendwa, kila msumari una kazi yake. Wa mabati una kofia pana. Wa kuezekea ni mrefu. Ule ulikuwa wa kreti za nyanya. Katika nyumba yetu mtu mmoja tu hutia misumari ile katika mfuko wa suruali, na akirudi jioni huitupa suruali ile kwenye kikapu cha nguo chafu bila kuipekua.

Mke wangu hakusema neno. Aliuchukua msumari, akaufuta kwa pindo la kanga yake, akaenda akauweka mezani, karibu na kikombe changu.

Usiku ule nilifungua kitabu cha Yona. Mnakijua kisa. Bahari imechafuka, merikebu yakaribia kuvunjika. Mabaharia wanahangaika, kila mtu analia kwa mungu wake, na wanaanza kuitupa shehena baharini ili chombo kiwe chepesi. Naye mtu ambaye tufani imekuja kwa ajili yake, yuko wapi? Yuko chini, amelala usingizi. Nimekisoma kisa hicho tangu utoto na siku zote nilitazama samaki. Usiku ule niliitazama shehena. Ilikuwa mali ya watu, haikuwa na kosa, na ikatupwa. Nani anajua ni vitu gani vizuri vilizama siku ile kabla hawajamwamsha yule aliyelala!

Nami nilikuwa nimemtupa mwanangu baharini ili nyumba iwe nyepesi. Na nyumba haikuwa nyepesi. Kelele iliendelea, kwa kuwa niliyelala chini nilikuwa mimi.

Lakini Yona ana jambo moja jema ambalo hatulisemi sana. Walipomwamsha na kumwuliza, hakujitetea. Hakusema bahari ina kawaida ya kuchafuka, wala hakumlaumu nahodha. Aliwaambia wazi kwamba tufani ile ilikuwa kwa ajili yake. Na aliyasema hayo mbele ya wale wale waliopoteza mali yao.

Basi nataka tushike mambo matatu, nasi tutamaliza.

La kwanza: tusiizime kelele kabla hatujaisikiliza. Mashine inayolia inafanya wema, yakuambia ungali na nafasi. Msumari ule ungenyamaza, ungelitoboa pipa na tungeona maji sakafuni siku ya kulipa. Je, nyumbani kwako kuna kelele gani? Labda mtoto aliyekuwa mchangamfu sasa hujibu neno moja moja. Labda mume hukawia barabarani hata siku zisizo na kazi. Labda fedha za chama hazilingani na daftari, na kila mkutano mwasema tutaangalia mara nyingine. Usiongeze sauti ya redio. Kaa, uulize: yalia lini? Ilianza siku gani? Nini kilihamishwa siku ile?

La pili: fundi mwenye busara huanza na lililo karibu na rahisi, ndipo aende kwenye kubwa. Hutazama miguu kabla ya beringi, na mifuko kabla ya pampu. Katika mambo ya watu sisi twafanya kinyume. Twaanza na tabia ya mwenzetu, ukoo wake na utoto wake, ambavyo ni vigumu kuvifungua, na mfuko wetu wenyewe hatuupekui kamwe.

Hapa nitangulize neno, nisije nikamwumiza mtu. Sisemi kila kelele ni kosa la yule anayeisikia. Beringi hufa kweli, na huko Gothenburg kosa lilikuwa la ardhi. Ziko nyumba ambamo anayepigwa huambiwa ajichunguze, na ampigaye haambiwi neno. Hilo si neno la Mungu, nami silisemi. Dada yangu unayesikiliza ukiwa na alama mwilini, msumari si wako. Nenda kwa watu watakaokulinda. Nasema na sisi wenye sauti kubwa mezani, ambao tukisema neno hakuna wa kutujibu. Sisi ndio wa kuanza na mifuko yetu.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Kuitengeneza mashine hakulitengenezi neno lililotamkwa. Jumamosi ile jioni mashine yangu ilifua kimya kabisa, ikakamua bila kuruka, hata kikombe juu yake hakikutikisika. Nami nikakaa mbele yake nikiwa na huzuni kuliko siku za kelele. Ningeweza kusema moyoni, basi imekwisha, kijana akisikia imepona atarudi mwenyewe. Wazee wengi twafanya hivyo. Twarudisha ucheshi kidogo, twamtumia mtoto nauli, tukiomba asiulize. Lakini nilimhukumu mbele ya mama yake na mdogo wake, na kwa hiyo ilinipasa kutoa hukumu nyingine kwa sauti ile ile.

Jumatatu nilipanda matatu ya Voi. Msumari niliufunga katika kipande cha karatasi, nikautia mfuko wa shati. Nilimkuta kwenye jengo, amebeba saruji. Watu walikuwapo. Nilitaka kumwita kando, kisha nikakumbuka meza yetu, nikasema pale pale. Nikamwambia, "Mwanangu, hukuiangusha. Nimeifungua. Sakafu ni yangu na misumari ni yangu. Na neno nililosema juu ya mikono yako lilikuwa uongo. Nimelisema hivyo kwa mama yako na kwa mdogo wako, na sasa nakuambia wewe. Naomba unisamehe." Nikamtilia msumari kiganjani.

Akaugeuza, akautazama ncha. Akauliza, "Pipa halikutoboka?"

Nikasema, "Halikutoboka."

Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Mikono ya mama yaendeleaje?"

Wapendwa, nitawaambia ukweli, kwa sababu hadithi za redio zina desturi ya kwisha vizuri mno. Hakurudi nami siku ile. Tulikunywa chai kibandani, akarudi kwenye saruji yake, nami nikarudi Mboghoni peke yangu. Jumamosi ya pili baada ya hapo alikuja, akalala siku mbili. Aliitazama miguu ya mashine, akasema nati moja haijakaza vizuri, akaikaza. Nikamwachia. Bado anafanya kazi Voi na bado analala huko. Lakini simu yake sasa yaja kwangu pia, na jana alinipigia kuniuliza bei ya mbao. Sijui kama kuna jambo lililosalia moyoni mwake. Likiwapo, ni haki yake kulifungua kwa wakati wake, nami nitasubiri.

Kwenye mlango wa baraza yangu nimepigilia bati la mkebe wa kahawa, limekuwa kama kijaluba. Kila jioni kabla sijaingia ndani natoa misumari yote mfukoni na kuitia humo. Naisikia ikianguka, na katika sauti ile naomba sala fupi. Sina sala nyingine iliyo fupi kuliko hiyo: Bwana, nitazame mfukoni.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe wasikia kila kelele ya nyumba zetu, hata zile tunazozifunika. Utufundishe kusikiliza kabla ya kuhukumu. Pale tulipowatupa wenzetu ili sisi tubaki tumelala, utuamshe. Uwaponye walioumizwa na maneno yetu, na utupe sisi tuliosema uso wa kuwaendea. Uibariki mikono ya mama zetu iliyochoka kwa kazi. Uwalinde watoto wetu walio mbali, wanaojinyima kwa ajili yetu. Kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo, Amina.

Ndugu wasikilizaji, kwaherini. Leo jioni, kabla hujamwuliza mtu wa nyumbani kwako kwa nini mambo hayaendi, zipekue kwanza suruali zako. Mungu awe nanyi.